Saa Tatu Kutoka Maskati

Mama Pathumma alikata roho alfajiri, mvua ikipiga vigae kwa kishindo hata Beeran hakuisikia pumzi yake ya mwisho. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa mama yake ndani ya mkono wake, akidhani hatimaye amepata usingizi. Mkewe, Sulaikha, ndiye aliyeingia na kikombe cha uji wa mchele, akautazama uso wa mkwewe, akakiweka kikombe chini taratibu.

"Baba Nahla," alisema. "Mwachie mkono."

Hakumwachia mara moja. Alipouachia aliulaza vizuri kifuani, akafumba macho ya mama yake kwa vidole vyake vilivyochomwa na mafuta, kisha akatoka barazani kumpigia simu mdogo wake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kule Maskati bado ulikuwa usiku.

"Muneer," alisema. "Mama ametangulia."

Akasikia kama mtu anapapasa ukutani kutafuta taa.

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Nakuja. Kaka, nakuja. Kuna ndege ya adhuhuri, nitapata nafasi hata kama ni ya kusimama. Msimzike bila mimi, umesikia? Ni saa tatu tu."

"Nimesikia."

"Niahidi."

Beeran aliitazama mvua ikichimba vishimo chini ya mchirizi wa paa. "Njoo," alisema, akakata simu.

Saa tatu tu. Maneno hayo yalikuwa yamezoeleka nyumbani pale kama chumvi. Kutoka Maskati hadi uwanja wa ndege wa Karipur, kwao Malabari kusini mwa India, ni kilomita elfu mbili na mia tatu hivi, karibu njia nzima ni bahari tupu, na ndege haizidishi saa tatu na dakika chache. Muneer alikuwa akiwacheka binamu zake waliohamia Kanada: wao wakitaka kuwaona mama zao wanapoteza siku mbili angani na viwanjani, yeye anakunywa chai ya asubuhi Maskati na chakula cha mchana anakila kwao. Na miaka ya mwanzo ilikuwa kweli. Alikuja Idi zote mbili, alikuja Nahla alipoolewa, alikuja mara moja bila sababu yoyote, akamkuta mama yake anafagia uani akamnyang'anya ufagio. Kisha akafungua duka la simu, halafu la pili, na ule ukaribu wenyewe ukageuka kuwa kisa cha kutokuja. Idi hii kuna mzigo bandarini, Idi ile mtoto ana mitihani. "Si mbali, Mama, siku yoyote naruka." Mwaka wa nne ulikuwa umeingia.

Beeran hakuwahi kupanda ndege. Yeye alikaanga ndizi. Kibanda chake kilikuwa chini ya kilima cha uwanja, karai la mafuta ya nazi likichemka tangu asubuhi, na watu waliokuwa wakirudi makazini Ghuba walisimamisha magari kununua chipsi zake, mifuko kwa mifuko, za kugawia wenzao huko. Nyumba yenyewe ilikuwa ng'ambo ya bonde, na ndege zilipokuwa zinatua zilipita juu ya paa chini kiasi kwamba mgeni huinamisha kichwa. Mama Pathumma hakuinamisha kichwa. Kila ilipopita ndege aliacha kumenya vitunguu, akainua uso, akauliza, "Hiyo ya wapi?" Na jirani yao Koya, mzee aliyeendesha lori Dammam ujana wake wote na sasa kazi yake ikawa kuchezea simu, alijibu kutoka ng'ambo ya ukuta: "Ya Dubai hiyo, dada!" au, "Jeddah!" Ikiwa ya Maskati, mama alitulia kidogo kabla ya kurudia vitunguu vyake.

Siku chache kabla ya kufa, Beeran akimgeuza kitandani asipate vidonda, mama alimshika shati.

"Siku yangu ikifika msinikalishe," alimwambia. "Na lile sanduku la barafu walilomtia Ayisha wa bondeni, akalala mle siku mbili kama samaki wa sokoni akingoja watoto wake wa Riyadh! Mkinitia mle, wallahi nitawatokea usingizini mmoja mmoja."

Beeran alicheka. Mama naye alicheka, kikohozi kikamkamata, na kilipomwacha hakucheka tena.

"Muneer nimemsubiri vya kutosha, mwanangu," alisema. "Nimechoka kusubiri."

Maneno hayo Beeran alimwambia mkewe peke yake.

Kulipopambazuka, nyumba ilijaa watu. Mjomba Alavi, kaka wa marehemu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita mifugo, alifika akiwa ameloa mpaka magotini na moja kwa moja akaanza kupanga mambo.

"Nimeshaongea na wale wenye sanduku la barafu. Wataleta sasa hivi."

"Usiwaite, Mjomba," Beeran alisema.

"Kwa nini? Na mtoto bado yuko Maskati?"

"Hatalala kwenye barafu. Tutamzika leo."

Mjomba Alavi alimtazama juu mpaka chini. "Leo saa ngapi? Wewe Beeran, usiniletee kisirani siku kama hii. Unamkomoa mdogo wako?"

"Simkomoi mtu. Ndege yake inafika alasiri. Akifika, tunazika. Lakini magharibi isitukute na maiti ndani."

Imamu wa msikiti, kijana mpole aliyekuja kutoka Kannur, alisema hilo ni jambo zuri, si vyema kumchelewesha maiti, na kumngoja mtoto saa chache hakuna ubaya. Mjomba Alavi akanyamaza, ila kwa muda tu.

"Basi anafika saa tisa, kaniambia mwenyewe," alisema. "Nimeshawatangazia watu: tukimaliza alasiri, tunambeba."

Koya, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai na simu yake kubwa mkononi, aliguna. "Saa tisa ya Maskati hiyo. Kwetu hapa ni saa kumi na nusu. Wao wako nyuma yetu kwa saa moja na nusu, Alavi. Una mtoto Doha miaka yote hiyo na hujui saa za Ghuba?"

"Mtoto wangu akinipigia namuuliza hali, simuulizi saa."

"Ndiyo maana anakupigia usiku wa manane."

Watu wawili watatu walicheka, wakakumbuka walipo, wakakohoa. Lakini kosa lilikuwa limeshafanyika. Watu walikuwa wameambiwa waje mapema, na mapema wakaja, uani pakajaa miavuli na kandambili, na kila aliyefika aliuliza swali lilelile: mbona bado?

Wanawake walimwosha Mama Pathumma, wakamvika sanda, wakamlaza chumba cha mbele miguu ikielekea mlangoni. Nahla, binti yao Beeran, alikuwa amefika kutoka kwa mumewe na alikaa kichwani kwa bibi yake akisoma Yasini kwa sauti iliyokwaruza. Beeran aliingia, akatoka, akaingia tena. Hakuwa na la kufanya. Kwa miaka minne mikono yake haikukosa kazi ya mama: kumgeuza, kumlisha, kumkata kucha, kumbeba bafuni. Sasa ilining'inia tu.

"Imeruka," Koya alitangaza baada ya adhuhuri. "Iko juu ya bahari."

Alikuwa na ile programu kwenye simu inayoonyesha ndege zote za dunia kama sisimizi wa manjano. Baada ya muda: "Imefika katikati." Baadaye tena: "Imebakiza kilomita mia saba."

"Koya, huna haya," Mjomba Alavi alimwambia. "Maiti iko ndani nawe unatangaza kama mpira."

"Basi nisiseme?"

"Sema, lakini polepole."

Waliposali alasiri mvua ilikuwa imepungua, na watu wakaanza kuchangamka, wakawa wanasema Mungu ni mwingi wa rehema, kijana atafika vizuri. Mpwa wa Mjomba Alavi alitumwa na gari uwanjani kwenda kumngoja. Kutoka uwanjani mpaka pale nyumbani hata chai haipoi.

Halafu upande wa baharini kukawa kweusi. Upepo ulikuja kwanza, ukang'oa kona moja ya turubai, na nyuma yake ikashuka mvua ambayo hata watu wa Malabari, waliozaliwa ndani ya mvua, waliisogelea nyumba. Bonde likapotea. Kilima cha uwanja kikapotea.

Beeran alisimama barazani. Aliijua mvua ile. Ilikuwa mvua ya namna ile ile, mwaka wa korona, jioni ile ndege ilipopitiliza mwisho wa njia ya kutulia juu ya kilima ikaanguka bondeni na kupasuka. Watu wa pale waliambiwa siku zile wasikaribiane, wasigusane. Walikimbia wote. Beeran alikimbia na kitambaa alichokuwa akifutia mikono kibandani, akaingia kwenye matope na harufu ya mafuta, akawatoa watu aliowaweza. Wa mwisho alikuwa mtoto wa kike wa miaka minne au mitano. Alimbeba begani mpaka barabarani, na njia nzima yule mtoto alimwuliza jambo moja tu: "Tumeshafika?" Alimkabidhi kwa mtu mwenye gari na hakujua tena habari zake. Hakuuliza pia, maana alihofia jibu.

"Imevuka pwani," Koya alisema, na safari hii hakuna aliyemkemea.

Waliisikia kabla ya kuiona, na kuiona hawakuiona kabisa. Sauti ilitoka magharibi ndani ya mvua, ikakua, ikashuka, ikawa juu ya paa. Glasi za chai kwenye sinia zikagongana. Nahla akaacha kusoma. Watu wote uani waliinua nyuso zao kwenye maji, midomo wazi, na mwanamke mmoja ndani akasema kwa sauti, "Muneer huyo! Muneer huyo!" Ndege ilipita. Walisubiri. Kila mtu pale aliijua ile ngurumo ya breki inayofuata ndege ikigusa ardhi, waliisikia mara nyingi kila siku ya Mungu. Haikuja. Badala yake injini zikalia kwa nguvu zote, sauti ikapanda, ikageuka kuelekea kaskazini.

"Imeshindwa," Koya alisema.

"Itarudi," alisema Mjomba Alavi. "Rubani si mjinga. Inazunguka tu, itarudi."

Ikazunguka. Koya alifuata kwa kidole kile kisisimizi cha manjano kikichora duara juu ya vijiji wanavyovijua wote. Kijana wao alikuwa hapo juu, ameketi kwenye kiti, mkanda kiunoni. Kwa gari ungekuwa mwendo mfupi tu, kama wa kwenda harusini kijiji cha jirani. Watu wakaanza kuomba kwa sauti, Mjomba Alavi akiongoza: "Ya Rabbi itue, ya Rabbi itue salama," na uani wote wakaitikia amina.

Beeran naye alikuwa akiomba, ila dua yake ilikuwa nyingine. Midomo ilitembea bila sauti. Iondoe, alisema. Iondoe hapa, ipeleke kwingine, isitue, isitue. Aliwaona wale watu wote ndani yake, waliofunga masanduku kwa kamba na kuandika majina yao kwa kalamu nene, akaona tope lile la bondeni na kiatu kimoja kidogo cha mtoto kilichobaki ndani yake. Iondoe. Na katikati ya kuomba hivyo, chini kabisa ya woga wake, aliona kitu kingine kimejibanza. Ndege ikiondoka, mama atazikwa na yeye. Yeye ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea, kama alivyompokea miaka hii yote, pasi na mtu wa kuja dakika ya mwisho na manukato yake ya Maskati kushika upande wa kichwa. Alikiona kitu kile waziwazi na hakuacha kuomba.

Sauti ilirudi mara ya pili. Ilishuka chini kuliko mara ya kwanza, madirisha yakatetemeka, Beeran akajikuta ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili. Kisha injini zikalia tena, zikapanda, zikaenda. Safari hii hazikugeuka.

Koya alitazama simu yake muda mrefu. "Kusini," alisema. "Wanaipeleka Kochi."

Kilio kikaanza upya ndani ya nyumba, kikali kuliko cha asubuhi. Mjomba Alavi alimshika Beeran mkono.

"Tungoje. Kochi kwa ndege ni hapo tu. Mvua ikikatika watarudi."

"Na isipokatika?"

"Basi nitaita lile sanduku. Beeran, sikia, mwanangu. Kijana amevuka bahari yote. Amefika juu ya kichwa chako! Umwambie nini?"

Kwenye mlango wa chumba cha mbele Sulaikha alikuwa amesimama, anamtazama mumewe. Imamu alitazama saa yake na angani, ambako mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu.

"Mnyanyueni," Beeran alisema.

"Beeran!"

"Mimi ndiye mwanawe mkubwa, Mjomba. Mnyanyueni mama yangu."

Wakamnyanyua. Njia ya makaburini ilikuwa mto mdogo, wabebaji walibadilishana mabega kila hatua chache wasiteleze. Katikati ya njia simu ilianza kutetemeka kwenye mfuko wa shati la Beeran, juu ya moyo wake. Bega lake lilikuwa chini ya jeneza na mkono wake mmoja umeshika mti wake. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Aliiacha. Aliposhuka kaburini kumpokea mama yake, mwepesi kama kapu la nguo, ilikuwa bado inatetemeka.

Muneer alifika kesho yake asubuhi kwa teksi iliyojaa matope mpaka kwenye vioo. Kule Kochi waliwaweka ndani ya ndege mpaka jua likazama, wakiambiwa kila mara kwamba mvua ikitulia watarudishwa Karipur. Walipowaachia, aliikodi gari ya kwanza aliyoiona. Barabara ilikuwa imezama mahali pawili, akalala garini na dereva wakingoja maji yapungue. Alikuwa amenenepa tangu mara ya mwisho. Nywele alikuwa amezipaka rangi, na kwenye mizizi zilionekana nyeupe. Alipanda ngazi za baraza na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakulifanya tangu utoto, akatazama kitanda kitupu kupitia mlango ulio wazi.

"Nilikuwa hapa," alisema. Hakutoa salamu. "Mawingu yalipasuka mara moja nikaona mnara wa msikiti. Nikaona paa letu, Kaka. Nilikuwa hapa! Hapa!" Alinyoosha kidole juu. "Nanyi mkachukua jeneza mkaondoka."

"Jua lilikuwa linazama," Beeran alisema.

"Lingezama! Kwani lisingechomoza tena? Mjomba alitaka kuleta sanduku la barafu. Wewe ukakataa. Amenisimulia kila kitu kwenye simu, wewe hukuona hata haja ya kupokea."

Sulaikha alitokea mlangoni. "Shemeji," alianza, "mama mwenyewe ndiye..." Beeran alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, na mkewe akayameza yaliyobaki.

"Nilikataa mimi," Beeran alisema.

"Wewe. Siku zote wewe. Wewe ndiye uliyekaa naye, wewe ndiye unayejua anachopenda, sisi wengine wageni tu, tunaleta biskuti na blanketi, tunakula, tunaondoka. Sema basi! Si ndivyo unavyoniona?"

Beeran alikuwa amejiandaa usiku kucha kwa maneno haya, na majibu alikuwa nayo. Lakini kilichomtoka kilikuwa kitu kingine.

"Niliomba ndege yako isitue."

Maji yalidondoka kutoka kwenye suruali ya Muneer.

"Unasema nini?"

"Ilipokuwa inazunguka. Wote waliomba itue. Mimi niliomba iondoke."

"Uliomba nisimzike mama yangu?"

"Niliomba usife. Unaijua ile mvua, Muneer? Huijui. Mimi niliwatoa watu kule bondeni kwa mikono hii."

"Ni hilo tu?" Muneer aliuliza. Alimsogelea kaka yake, sauti yake ikawa ndogo. "Niambie ukweli. Ni hilo tu?"

Beeran alifungua mdomo kusema ndiyo. "Sijui," alisema.

Alidhani atapigwa, na hata angepigwa asingejikinga. Muneer alimwangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akageuka, akashuka ngazi, akaelekea njia ya makaburini. Mjomba Alavi, aliyekuwa ametokea uani akiwa na mswaki mdomoni, alitaka kumfuata. Beeran akamzuia, akaenda mwenyewe, nyuma nyuma, kwa umbali.

Mvua ilikuwa imetulia. Muneer hakuuliza kaburi ni lipi. Lilikuwa moja tu lenye udongo mbichi. Alichuchumaa pale, akainua mikono, akasoma Fatiha, na alipomaliza hakuishusha mikono. Beeran alisimama kwenye ukuta wa mawe mekundu. Baada ya muda mrefu mdogo wake aliongea bila kugeuka.

"Ilipopanda mara ya kwanza watu walipiga mayowe. Jirani yangu alikuwa mzee, alitapika mapajani mwake. Mimi nilifungua mkanda nikasimama. Nilimfokea yule binti mhudumu wa ndege, mtoto mdogo tu, labda umri wa Nahla. Nikamwambia, mwambie rubani atue. Mama yangu yuko hapo chini. Atue, namwambia! Aliniomba nikae, analia, nami nikazidi kufoka." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Kulikuwa na watoto viti vya nyuma. Niliwasikia. Sikujali, Kaka. Laiti ningekuwa na usukani mwenyewe, ningeitua."

Beeran alikuja akachuchumaa upande wa pili wa kaburi. Hakujua amwambie nini mtu aliyesema hivyo, na hakuona kama yeye ndiye wa kumwambia.

"Alikuwa na maumivu mwishoni?" Muneer aliuliza.

"Hapana. Alilala."

"Aliongea?"

"Siku za nyuma aliongea. Alisema tukimtia kwenye lile sanduku la barafu kama samaki wa sokoni, atatutokea usingizini mmoja mmoja."

Kicheko kilimtoka Muneer kabla hajakizuia, kikavunjika katikati, akalia sasa kama watu wanavyolia, mabega yote. Beeran alimwacha. Muneer alipotulia alisema, "Ndiyo maana ulikataa."

"Ndiyo."

"Ungeniambia pale pale."

"Ningekwambia."

"Na mimi? Alinitaja?"

"Alikutaja."

"Alisemaje?"

Beeran alichukua kibonge cha udongo mwekundu, akakiponda kati ya vidole. Sulaikha alikuwa amemwambia usiku uliotangulia kwamba kumficha mtu maneno ya mama yake ni kumdhulumu. Labda ilikuwa kweli.

"Alikutaja tu," alisema.

Muneer aliinua macho, na macho yake yalikuwa yaleyale ya mama, hayakubali kirahisi. "Kuna kitu hunambii."

"Kipo."

"Kinaniuma?"

"Kitakuuma."

Walikaa. Mtu mmoja alipita barabarani kwa pikipiki, akapunguza mwendo alipowaona, akaondoka. Muneer alitazama udongo, akapumua kwa kinywa kama aliyepanda mlima.

"Basi usiniambie leo," alisema. "Nitakuuliza mwenyewe."

"Sawa."

Kaburi lilikuwa limedidimia upande wa miguu, kama makaburi ya masika yanavyofanya, na maji yamekusanya dimbwi dogo. Muneer ndiye aliyeliona. Alivua viatu vyake, akakunja suruali, akaenda kwenye rundo la udongo uliobaki kando ya ukuta, akarudi na viganja viwili. Haukutosha hata kuziba nusu ya dimbwi. Beeran alikwenda kuchukua karai lililoachwa na wachimbaji, akalijaza, wakalibeba pamoja, huyu sikio hili, yule sikio lile, wakamwaga, wakashindilia kwa nyayo na viganja. Walirudia mpaka pakawa sawa. Muneer alihema, hakuwa amezoea. Mara moja mikono yao ilikutana kwenye tope na hakuna aliyeuondoa wake haraka, wala aliyeushika wa mwenzake.

"Tikiti yangu ya kurudi ni ya Jumatano," Muneer alisema walipokuwa wakinawa kwenye bomba la msikiti.

"Mbona mapema? Khitma ni Alhamisi."

"Duka."

Muneer aliendelea kusugua udongo kwenye kucha zake, akazima bomba, akalifungua tena.

"Nitawapigia niulize kama inabadilika," alisema.

Beeran alimsikia, na hakujua kama amwamini. Alimpa kitambaa cha begani mwake ajifute, akatangulia mmoja na mwenzake akafuata, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba na bado inateleza.